Kitabu cha Wachumba

"Kitabu cha kishetani hiki," alisema Paulo, akakisukuma mezani kwa kidole kimoja utadhani kingemng'ata.

Mzee Mashimba hakukigusa. "Umekimaliza?"

"Chote, mzee. Mashine kukumbuka mambo ya binadamu badala ya Mungu? Nilipofika mwisho ilibidi nisali."

"Basi nenda ukaendelee kusali huko huko Misungwi."

Ndivyo alivyoondoka Paulo, mwalimu wa kwaya, mchumba wa kwanza. Soda yake hakuifikisha hata nusu.

Wazee wengine wakiletewa posa huuliza ng'ombe wangapi. Mzee Mashimba wa Kirumba, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliuliza habari za riwaya. Atakayemtaka binti yake Getruda sharti asome kwanza kitabu kile cha zamani, kinachosimulia mji mmoja wa kando ya ziwa uliotengenezewa mashine ya kuwakumbukia watu kila kitu, mpaka wakasahau majina ya mama zao, na mhandisi aliyeiunda akabaki peke yake kuamua aizime au aiache. Madukani hakipatikani tena. Nakala ilikuwa moja tu, ya mzee, imevikwa gazeti. Mwenyewe hakuifungua siku hizi, maana mtoto wa jicho alikuwa amemharibia macho, lakini alijigamba kwamba ameihifadhi yote kichwani. Aliyeielewa tofauti na yeye alikuwa zuzu, na kwa hesabu yake Mwanza nzima ilijaa mazuzu.

Getruda ndiye aliyewakabidhi wachumba kitabu, na ndiye aliyekirudisha kabatini. Mfamasia wa miaka thelathini na moja, ana mshahara wake, lakini mume wake afanyiwe usaili sebuleni! Makubwa haya.

Wa pili alikuwa Elias, mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni. Alikuja na viatu vinavyong'aa na kreti la soda.

"Umekimaliza?"

"Siku mbili tu, mzee! Na mwisho wake, we acha tu. Nikawaza, mashine ile tungekuwa nayo sokoni ingekumbuka bei ya dagaa ya kila siku, mwaka mzima. Tungetajirika!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Watu wanasahau mama zao, wewe unawaza dagaa! Beba kreti lako."

"Baba Getruda," alisema mkewe, Mama Getruda, baada ya Elias kutoka, "utamzeesha binti yako humu ndani kwa ajili ya makaratasi."

"Bora azeeke kuliko aolewe na bwege."

Lakini moyo wa Getruda haukuwa kwa Paulo wala kwa Elias. Ulikuwa Sengerema, kwa Yeremia, afisa mifugo, mpole, mwenye maneno matamu, na huu ulikuwa mwaka wao wa tatu. Kama angeanguka kwenye hicho kitabu, Getruda hakujua angempenda nani tena. Alipomkabidhi kitabu pale kivukoni alimshika mkono kwa nguvu.

"Kisome chote, Yeremia. Usiruke hata ukurasa. Ukikwama popote, popote kabisa, nipigie."

"Mimi nikwame kwenye kitabu cha hadithi? Acha utani."

Wiki mbili zilipita. Yeremia alipiga simu kila jioni. Alipiga kuuliza avae shati gani. Alipiga kuhusu mshenga, kuhusu mvua, kuhusu ndama mmoja aliyezaliwa na miguu dhaifu. Kila simu ilipoita Getruda aliipokea upesi, na ilipokatika alikaa akiitazama. Alimpenda yule mwanaume, jamani. Alimpenda vibaya sana.

Siku ya siku Yeremia akafika na mshenga wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekimaliza?"

Yeremia aliingiza mkono mfukoni. Alitoa leso, akaiweka mezani.

"Nilikimaliza juzi, mzee, na tangu hapo sijalala vizuri. Nilipofunga ule ukurasa wa mwisho nilimkumbuka marehemu bibi yangu, nikalia kama mtoto mdogo."

Mzee alisogeza kiti mbele. Hapo kwenye mlango wa jikoni Getruda alisimama na sinia la chai.

"Na yule mhandisi? Unamwonaje?"

"Mhandisi ni sisi sote, mzee."

"Sisi sote!" Mzee Mashimba alipiga meza, na macho yake mabovu yakalengwa na machozi. "Mmesikia? Sisi sote! Miaka arobaini nangoja mtu aseme hivyo. Mama Getruda, huyu ndiye!"

Mama Getruda akapiga vigelegele. Mshenga akajiweka sawa kitini, tayari kwa habari ya ng'ombe.

Getruda alitua sinia, akaingia chumbani kwake. Alikaa humo kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Hapana," alisema. "Simtaki."

"Wewe!" Mama Getruda alishika kichwa. "Si huyu huyu uliyemlilia miaka mitatu? Umerogwa?"

"Usimsikilize, mwanangu," mzee alimwambia Yeremia. "Huyo binti kitabu chenyewe hata hajakielewa."

Yeremia alisimama. "Getruda, mpenzi, nimekosa nini?"

Getruda alitoa mikono ndani ya kitenge, akaweka mezani, kando ya ile leso, kurasa ishirini na saba za mwisho wa kitabu, alizozikata mwenyewe kwa wembe kabla hata Paulo hajakigusa.