Land Rova ya Mothusi

Mothusi alijifungia ndani ili asiione Land Rova yake kuukuu ikiondoka. Mkewe, aliyeiita mke mwenza na kushikilia kwamba iuzwe, ndiye aliyeshika usukani kumwonyesha mnunuzi kutoka Gaborone.

"Unajua kuiendesha, mama?"

"Nitajua sasa hivi."

Waliteremka kwenye mto mkavu. Kupitia tundu la sakafuni mke aliuona mchanga ukipita chini ya miguu yake, ukimrushia vumbi la moto vifundoni. Gari likazama, likanguruma, likajikongoja mpaka ng'ambo. Mikono yake ilitetemeka pamoja na usukani, na hakutaka kuiondoa.

Waliporudi, Mothusi alitoka.

"Imeuzwa?"

"Mpe mgeni chai, arudi kwao," mkewe alisema bila kushuka. "Halafu wewe njoo upande."