Jiko la Kanga Kilimani

Ngiri huingia shimoni mwake kinyumenyume. Jioni moja tumbo lilikwama mlangoni, kichwa kikabaki nje, na Chui huyo anapita. Bahati yake Chui alikuwa ameshiba.

Asubuhi Ngiri akamwendea jirani yake, Kanga, aliyekuwa akigeuza vitumbua.

"Bi Kanga, vitumbua vyako vitaniua. Tafadhali, jiko lako lihamie kilimani, nisisikie hata harufu."

Kanga hakupenda ugomvi. Alibeba kikaango, akakokota na kinu chake cha kutwangia mchele, akahamia juu.

Alfajiri upepo ukashuka na harufu ya hiliki. Ngiri akajigeuza, akajigeuza tena, kisha akapanda kilima mbio, akala, akashuka. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Mvua za vuli zilipokwisha, alikuwa anaingia shimoni bila kugusa ukuta.

Wanyama wakamuuliza siri yake.

"Ni kujinyima tu," akajibu. "Vitumbua nimevisahau kabisa."

Maneno hayo yakamfikia Kanga. Kesho yake Ngiri alipotoka mbio, alimkuta Kanga mlangoni pa shimo na mizigo yake yote, mafuta yanachemka.

"Kama umevisahau," Kanga akasema, "mimi nakaa kilimani kwa ajili ya nani?"

Ngiri akatazama vitumbua. Akatazama mlango wa shimo lake. Kisha akainama, akajitwika gunia la mchele.

"Turudi juu, Bi Kanga," akasema kwa upole. "Leo mizigo nabeba mimi."

"Na kinu," akasema Kanga.