Mwenye Jina Amefika

Mwenye jina alifika siku ya soko, jua kali, akamkuta mwizi wa jina lake anapimia watu maharage.

Elisée hakujua bado. Aliona tu kijana mwenye begi mgongoni, kandambili zimeshonwa kwa waya, anakuja moja kwa moja kwenye meza yake pale soko la Base Camp.

"Bonjour, ndugu. Natafuta mama mumoja. Banamwita Mama Gradi."

"Unamtafutia nini?"

"Ni mama yangu. Miye ndiye Gradi. Tulipotezana mu vita, nikiwa mudogo."

Kikombe cha kupimia kikabaki hewani. "Unapima ao unasali?" mteja akauliza.

Maana kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, tangu mvua za mwaka juzi, Gradi alikuwa yeye Elisée.

Wala hakupanga. Kabla ya hapo alikuwa mjini Mbarara, anafua nguo za watu kwenye kambi ya jeshi, analala kwenye stoo ya makaa. Mama yake alifia njiani mwaka 1996 wakikimbia kutoka Uvira, yeye akiwa bado wa kushikwa mkono. Sasa siku moja Medius, mke wa askari mmoja, akamuuliza huku wanaanika mashuka, "Wewe Mukongo, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Mama Elisée."

Medius alicheka mpaka shuka likamponyoka. "Hiyo si jina, hiyo ni kazi. Kwetu Ankole hata ng'ombe iko na jina yake."

Elisée naye akacheka. Ni baadaye, yuko peke yake nyuma ya vyoo, ndipo alipogundua kwamba kweli hajui. Kwao mwanamke akishazaa, jina lake linakunjwa linawekwa pembeni, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza mpaka azikwe. Waliolijua jina la mama yake wote walikuwa wamekufa. Hata kumwombea, angemwombea nani?

Wiki hiyo hiyo akadandia lori la Nakivale, angalau akasikie lugha ya nyumbani. Aliposhuka hakufika mbali. Kwenye bomba la maji, pale ambapo mwanamke yeyote mgeni huulizwa "Mama nani?" kabla hata ya kutua mtungi, mama mmoja akamkazia macho masikioni.

"Si weye ule Gradi wa Mama Gradi? Ule mutoto wa masikio kubwa, alipoteaka?"

Yaani ilikuwa imepita miaka tangu mtu amuulize Elisée kama yeye ni wa fulani. Akaitika.

Wakampeleka kwa vigelegele. Mama Gradi alikuwa mwanamke mkimya, hana mume, hana ndugu, ana chungu kimoja na kiti kimoja. Alimtazama muda mrefu mpaka vigelegele vikaisha vyenyewe. Kisha akasema, "Umechelewa. Njo ukule."

Basi. Hakumuuliza kitu, siku ile wala siku zilizofuata. Majibu yote aliyoyatunga njiani yakamchachia kichwani. Kesho yake alikuta kiti cha pili. Ila tangu hapo kila lori la wageni lilipoingia, alikagua nyuso za wanaoshuka.

Na sasa huyu hapa.

"Alihama," mdomo wake ulitaka kusema. "Alienda Biharwe." Kijana angeenda kupotelea huko barabara ya Masaka, na jioni Elisée angekula sombe yake ya majani ya muhogo kama kawaida. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini yule kijana alimtazama kama mtu ambaye hajaulizwa kwa muda mrefu kama amekula, na uso huo Elisée aliufahamu. Aliwahi kuuvaa.

"Njo nikupeleke," akasema, akafunga gunia.

Njiani kijana alikuwa na maswali mengi. "Iko na afya? Anaongeaka sana?"

"Hapana. Ukichelewa hakugombeze. Anakufunikia tu chakula."

"Na weye uko nani kwake?"

Elisée alijifanya kutazama ng'ombe waliokuwa wanavuka. "Nilikuwa nakaa pale."

Alimwacha nje ya uzio, akaingia peke yake. Mama Gradi alikuwa anatwanga sombe. Kwa uoga, Elisée alipiga magoti kabla hata ya kusalimia.

"Mama, kuna mutu inje. Ni Gradi."

Mchi ukasimama.

"Gradi wa kweli," akasema, na maneno yakaanza kumtoka ovyo. "Miye ni Elisée. Mama yangu alikufa, hata jina yake sijue. Nilikudanganya juu sikukuwa na mutu. Ukiniambia nitoke, natoka leo. Ila usimufukuze yule, anatoka mbali."

Alingoja apigwe, alingoja kilio. Mama Gradi alinyanyuka, akachungulia kwenye mwanya wa mlango, akamtazama mgeni kuanzia kandambili mpaka masikio. Hakuwa na haraka. Kisha akarudi, akaongeza maji kwenye chungu, akachochea moto.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Basi simama, mwite ndugu yako aingie," akasema. "Miye sikuzalaka hata mara moja. Jina ya Gradi nilitungaka ku bomba, bamama baliponiuliza miye ni mama nani. Kama nilikuweza weye, na yule nitamuweza."