Baraza ya Bandarini

Mwanakheri alikuwa amebakiza nyumba moja tu ya mtihani apate beji ya kuongoza watalii. Nyumba yenyewe ilitazama bandari ya baridi, huko Ulaya alikohamia: matofali mekundu, ukuta wa juu uliopanda kwa vidato kama ngazi, na mlangoni viti viwili virefu vya mawe. Jina la viti hivyo, alilolikariri wiki nzima akinyonyesha, likamtoka kichwani.

“Na hizi ni… baraza,” akasema.

Mtahini wake, mzee Anselm, akainua uso. “Ni nini?”

Rukia, wifi yake Mwanakheri, aliyejichanganya na watalii huku amembeba mtoto wa wifiye mgongoni, akamnong'oneza Mwanakheri kwa Kiswahili, “Maji umeshayavulia nguo, wifi. Yaoge!”

Mwanakheri akanyoosha mgongo. “Baraza, bwana. Kwetu nyumba ya mawe haikamiliki bila baraza. Mgeni hukaa hapo kabla hajaingia, na mpita njia hapiti bila salamu. Tajiri aliyejenga hii naye alitaka watu mlangoni pake. Asingewataka, asingechonga pa kukalia.”

Watalii wakaketi, mmoja mmoja. Anselm akabaki amesimama na kalamu yake.

“Miaka thelathini natahini watu hapa,” akasema, “na sijawahi kukaa.”

“Basi karibu, mzee,” Mwanakheri akamwambia, kama mwenye nyumba.

Akakaa. Jiwe lilikuwa baridi, akashtuka kidogo. Mwanamke asiyemjua akapita na kikapu cha samaki.

“Habari za asubuhi!” mzee akamwitia.

Mwanamke akasimama, akageuka kumwitikia.