Mwanamke wa Kimilili

Phelista aliutoa uzi ule kwenye ukosi wa koti la mumewe, akaupeleka dirishani kuutazama vizuri. Ulikuwa uzi wa kufumia, wa zambarau. Nyumbani kwake hapakuwa na uzi wa zambarau. Aliwafundisha akina mama kufuma kwa rangi tatu tu: nyeupe, buluu na waridi. Nyingine zote aliziita rangi za baa.

Akaufunga kwenye ncha ya leso.

Phelista alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa kanisa lao, na kuanzia Bumula hadi Kitale hakukuwa na bibi harusi ambaye hakuwahi kupitia mikononi mwake. Semina zake ziliitwa Mke na Jiko Lake. Mwaka huo wa 2006 zilikuwa zimeshika kasi: Jumatatu Chwele, Jumanne Bungoma, Jumatano Bumula, Alhamisi popote walipomhitaji. Jikoni kwake mwenyewe makaa hayakuwa yamewashwa tangu Pasaka. Mumewe, Wekoye, karani wa ofisi ya maji, aliachiwa mkate na chupa ya chai, na hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililoanza kumtia wasiwasi.

Kila Alhamisi Wekoye alikwenda Kimilili, kwa kikao cha wanaume wa kanisa. Alirudi jioni amenawiri, akinukia vitunguu vya kukaanga.

"Umekula wapi, Baba Joy?"

"Huko huko kikaoni."

"Kikao gani hicho kinapika?"

"Si ni kusaidiana tu, Mama Joy," alisema, akaenda kukagua ng'ombe ambao alikuwa amekwisha kuwakagua.

Phelista alimweleza Kabura, katibu wake. Kabura akasema kwamba mumewe, Barasa, pia alikuwa hajamuuliza habari ya chakula kwa miezi miwili.

"Nilidhani ni maombi yangu yamejibiwa," alisema.

Walimwendea Dinah, mke wa Mchungaji Kiplangat. Dinah aliwatuliza. "Hayo ni mawazo tu. Mchungaji mwenyewe huwa nao kila Alhamisi. Kungekuwa na mwanamke, si angemwona?"

Lakini Phelista alikuwa amekwisha kumwona, kichwani mwake. Mwanamke wa Kimilili, mnene, mwenye sauti nyororo na sufuria kubwa, anawalisha waume za watu huku akifuma. Na alimjua tabia bila kumjua sura: mtu mwenye mkono kama huo hawezi kukaa mbali na mashindano.

Mashindano ya Umoja yalifanyika Agosti, katika ukumbi wa kanisa mjini Kitale. Kila mshindani alileta chakula cha nyumbani, sweta moja na blanketi moja la viraka. Mezani ilikaa namba peke yake. Majina yalikuwa ndani ya bahasha ya Mchungaji. Jaji alikuwa Phelista, kama miaka yote.

Meza ya tisa ilikuwa na sweta ya zambarau.

 Akachukua kijiko ili aonje mboga ya kunde iliyokuwa kando yake, aikatae. Kunde zilikuwa zimelazwa kwenye maziwa siku mbili, zikiwa laini na chachu kidogo, vile mama yake alivyokuwa akizipika Bumula. Akamega ugali wa wimbi. Akarudia. Alipokuja kuangalia, sahani ilikuwa nyeupe, na yeye alikuwa na machozi ambayo hakuyaelewa. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimpikia. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amekasirika.

Akaligeuza blanketi. Upande wa nyuma ulikuwa safi kama wa mbele. Hata fundo moja halikuonekana.

"Mpe sifuri," Kabura alimnong'oneza.

"Hapana. Wa sifuri hasimamishwi mbele ya watu. Nataka kumwona huyu."

Akapanda jukwaani, akapokea maikrofoni kutoka kwa Mchungaji.

"Wapendwa, kazi ya namba tisa ni kazi ya mwanamke aliyelelewa na mama," alisema. "Mwanamke anayekaa kwake. Kuna wanawake wanazunguka huku na huko, jioni mume anakunywa chai baridi." Hapo watu wengine walikohoa. "Lakini huyu, hata mume wa mwenzake akipita mlangoni, ataketi. Ushindi ni wake. Namba tisa, simama. Usiogope. Simama tuuone huo uso."

Viti vya akina mama vikatulia. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Phelista aliwapitia mstari kwa mstari, akitafuta mnene mwenye sauti nyororo, na hakuona mtu akijitikisa.

Nyuma kabisa, upande wa wanaume, kiti kilikwaruza sakafu. Wekoye alikuwa amesimama, kofia mikononi.

"Keti, Baba Joy," Phelista alisema kwa upole wa mbele za watu. "Nimeita namba tisa."

Wekoye hakuketi. "Namba tisa ni sisi," alisema. Kando yake akasimama Barasa. Halafu mume wa mweka hazina, halafu mstari mzima, wanaume kumi na mmoja, wakiangalia viatu vyao.

Mchungaji Kiplangat aliiweka bahasha mezani bila kuifungua. Akashuka jukwaani, akampita mkewe Dinah pasipo kumtazama, akaenda kusimama mwisho wa mstari.