Farasi wa Bwana Harusi

Salum alipomkalia farasi kwa mara ya kwanza, farasi alipiga magoti, akajamba, kisha akalala kabisa. Majirani wa mtaa wa Mwisenge walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Amesujudu," alisema Salum akijipangusa vumbi. "Ni mnyama wa dini."

Ukweli ni kwamba farasi alikuwa mifupa iliyovikwa ngozi, na Salum, muuza mabati, alikuwa tumbo lililoota miguu. Alimnunua kwa ajili ya siku moja tu: harusi aliyoiota, mtaani Kabasa, kule Bunda. Huko ndiko alikomwona Samia akipima vitenge dukani kwa baba yake, na tangu hapo Salum akaanza kujipaka manukato hata akienda chooni.

Ila kupeleka posa mwenyewe aliona haya. Akamtuma mke wake.

Ndiyo, mke wake. Hafidha alikuwa na ulimi wa kupatanisha paka na panya, na Salum hakuona kwa nini kipaji hicho kilale bure. Alitegemea kurushiwa sufuria. Hafidha alijitanda, akapanda basi. Jioni alirudi anatabasamu.

"Wamekubali, Baba Said. Tena wamefurahi sana."

Hakuishia hapo. Akaichukua na kazi ya farasi. Alimwita Ngolo, bwana mifugo, akamsikiliza kuliko alivyowahi kumsikiliza mumewe. Kwanza dawa ya minyoo. Halafu majani makavu mazuri kutwa nzima, maana tumbo la farasi halipendi kukaa tupu. Pumba na mashudu ya alizeti kidogo kidogo, si ndoo nzima kwa mkupuo, asije akasokotwa na tumbo. Chumvi ya kulamba, maji safi. Mbavu zilipoanza kupotea, Said, mtoto wao mkubwa, akawa anampanda kila asubuhi kwenda ufukweni, kwanza mwendo wa pole, baadaye mbio, ili apate pumzi.

"Kunenepa bila mazoezi ni kujaza gunia tu," alisema Ngolo, na macho yakamponyoka yakatua kwenye tumbo la Salum.

Siku moja Salum alimkuta Hafidha akimsugua farasi mgongo huku anaimba. Moyo ukamlainika.

"Mama Said, kweli huna wivu?"

"Wivu wa nini? Nataka bwana harusi akae juu, watu wa Bunda wamwone, waseme huyu ana kwao."

"Na mimi nilikuwaga nakuogopa bure," alisema Salum, nusura alie.

Siku ikafika. Farasi alisafirishwa kwa Fuso, akashushwa Bunda kando ya lami, mnene, anang'aa, shingo juu kama diwani aliyeapishwa jana. Wanaume wanne wakampandisha Salum. Farasi hakutikisika hata ukope.

Wakakata mitaa ya Kabasa, dufu mbele, Hafidha akipiga vigelegele kuwashinda wote, Said pembeni ameshika hatamu, kanzu mpya nyeupe pe. Salum alijaza kifua. Mwanamke mwingine, aliwaza, angemlisha huyu farasi sumu. Akaapa moyoni kwamba, mke mdogo aje asije, Hafidha atabaki malkia wa nyumba.

Langoni akatoka Mzee Abdulnasir, baba yake Samia, mikono wazi, meno yote nje.

"Mzazi mwenzangu, karibu sana! Mama Said alituambia farasi amepata nguvu, na leo tumejionea. Haya, shuka taratibu, Said apande, aje aoe."