Dawa Isiyochagua

Muuguzi aliviringisha bomba la sindano katikati ya viganja vyake. Dawa ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, na ikiachwa itulie, unga wake hutuama chini.

"Ulipokuwa tumboni mwa mamako, damu yako haikuwa na taabu," alimwambia Mbeyu. "Ulipozaliwa, mwili ukaifunga jeni ya damu ile kwa alama, ndipo selimundu ikaanza kukutesa. Dawa hii huingia katika seli inapogawanyika. Seli mpya huzaliwa bila zile alama, na jeni iliyolala ikaamka."

Mbeyu aliitikia kwa kichwa. Magoti yalikuwa yamemliza tangu alfajiri.

"Ila haichagui. Popote seli zinapogawanyika, inaingia. Huna mimba?"

"Hana," alijibu mama mkwe kutoka kwenye benchi. "Angekuwa nayo, ningejua kabla yake."

Kwao, mimba changa haitajwi mbele ya mkwe mpaka ionekane yenyewe. Mbeyu aliinamisha macho, akalegeza leso kiunoni.

Muuguzi alimpangusa chini ya kitovu kwa pamba yenye spiriti. Pamba ilikuwa ya baridi, na tumbo likajikaza. Akalichukua tena bomba, akaliviringisha mara ya mwisho.

Mbeyu aliishika mikono ya muuguzi, yote miwili, ikasimama.

Ndani ya bomba, weupe ulianza kutuama. Kwenye benchi, mama mkwe aliinuka.